Umeme ukikatika ndani ya ndege ndogo, injini haizimi

RUBANI wa ndege ndogo anapoona taa ya upungufu wa volti ikiwaka angani, jambo la kwanza analopaswa kukumbuka ni kwamba injini yake haitazimika kwa sababu hiyo.

Ndivyo ilivyo kwa Cessna 172 ya injini ya petroli, ndege iliyoanza kutengenezwa nchini Marekani mwaka 1956 na ambayo wanafunzi wengi wa urubani huitumia hadi leo, wakiwamo wa Uwanja wa Wilson, Nairobi.

Tofauti na gari, plagi za injini hiyo hazitegemei betri. Hupata cheche kutoka kwenye magneto mbili zinazozungushwa na injini yenyewe. Kinachopotea ni umeme wa redio, taa, vipimo vya mafuta na mota ya flapu, yaani vile vibawa vya nyuma vinavyoshushwa wakati wa kutua.

Altaneta ikishaacha kuzalisha umeme, rubani huwa ameanza kula akiba iliyomo kwenye betri. Akiba hiyo itadumu kwa kadiri ya uzima wa betri na wingi wa vitu alivyoacha vikiwaka.

Katika Cessna 172 zenye mfumo wa volti 28, taa hiyo huwaka volti zinaposhuka chini ya takriban 24.5. Ndege ikiwa ardhini na injini ikizunguka polepole, taa yaweza kuwaka bila hitilafu yoyote, na kuongeza mizunguko kidogo huizima.

Angani, rubani huzima redio, huhakikisha kikata umeme cha altaneta hakijaruka, kisha huzima swichi kuu pande zote mbili na kuiwasha tena. Hatua hiyo ina maana yake: kidhibiti hukata altaneta chenyewe volti zikifikia takriban 31.5 ili kulinda vyombo, na kuzima swichi kisha kuiwasha huirudisha kazini.

Taa ikiwaka tena, upande wa altaneta huzimwa na safari hukatishwa mapema iwezekanavyo. Kikata umeme kikiruka mara ya pili kisilazimishwe, kwani waya unaoungua ni balaa kubwa kuliko redio iliyonyamaza.

Redio hula umeme mwingi zaidi inapozungumza kuliko inaposikiliza. Kwa hiyo ni heri kuwaarifu waongozaji mapema, kwa maneno machache. Redio ikifa kabisa, rubani huweka namba 7600 kwenye transponda, iwapo ingali na umeme, na kutazama taa ya mnara: kijani isiyomemeteka humruhusu kutua.

Ndege ikishatua, mafundi wengi hukimbilia kubadilisha altaneta, kifaa cha bei kubwa, ilhali chanzo mara nyingi ni kitu kidogo: mkanda uliolegea, waya wa ardhi ulioshika kutu, au kaboni za altaneta zilizokwisha.

Kipimo cha volti husema mengi. Betri nzima ya volti 24 iliyotulia huonyesha zaidi kidogo ya 25, na injini ikiwaka kwa mizunguko ya kutosha hupanda hadi karibu 28. Isipopanda, fundi aanze na waya na viungo vyake. Mlio wa redio unaopanda na kushuka pamoja na injini huashiria dayodi mbovu.

Mtego mwingine ni kuwasha injini kwa kuzungusha rafadha kwa mkono baada ya betri kufa. Altaneta huhitaji umeme kidogo wa betri ili ianze kazi. Injini yaweza kunguruma vizuri huku hakuna kinachochajiwa.

Ndege ambazo injini zake huongozwa na kompyuta ni habari nyingine kabisa. Machi 2007, ndege ya Diamond DA42 yenye injini mbili za dizeli iliruka kutoka Speyer, Ujerumani, baada ya kuwashwa kwa umeme wa nje kwa kuwa betri yake ilikuwa imekwisha.

Rubani alipokunja magurudumu, volti zilishuka kwa kitambo kidogo tu. Kompyuta za injini zilijizima na kuanza upya, rafadha zote mbili zikapoteza msukumo, na ndege ikaanguka.