Muuguzi wa Zamu ya Usiku: Namna ya Kulinganisha Hospitali za Kitale na Bungoma

Anayetaka kulinganisha hospitali huanza kwa kawaida na maswali matatu, yaani zina wahudumu wangapi, hutoza kiasi gani, na wagonjwa wake huridhika kwa kiwango gani. Kisha majibu hupangwa katika safu tatu za jedwali, na kila safu ikasomwa peke yake kana kwamba haijuani na mwenzake. Utaratibu huo unaweza kumfaa mwekahazina wa kaunti, lakini haumsaidii sana mkazi wa Kitale au Bungoma, kwa sababu ndani ya wodi mambo hayo matatu hayatengani. Upungufu wa wahudumu hugeuka kuwa gharama mfukoni mwa mgonjwa, na gharama hiyo huzaa manung'uniko au, jambo ambalo ni gumu zaidi kulipima, kimya.

Kitale ni makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, na Bungoma ni makao makuu ya kaunti yenye jina hilohilo. Kaunti hizo hupakana, zote zikiutazama Mlima Elgon, na zote zilikabidhiwa hospitali zake mwaka 2013, ugatuzi ulipoanza kutekelezwa kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Huduma za afya nchini Kenya zimepangwa katika ngazi sita: ya kwanza ni ile itolewayo vijijini na wahamasishaji wa afya ya jamii, ya pili ni zahanati, ya tatu ni kituo cha afya, ya nne na ya tano ni hospitali za kaunti, na ya sita ni hospitali za kitaifa, na kati ya hizo iliyo jirani zaidi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret, takriban kilomita 70 kutoka Kitale. Mgonjwa anatarajiwa kuzipanda ngazi hizo moja baada ya nyingine kwa rufaa, yaani barua ya kumpeleka mbele pale ugonjwa unapokishinda kituo cha chini. Wengi huziruka, wala si kwa ukaidi, bali kwa sababu zahanati imefungwa jioni au dawa imekwisha, na hivyo hospitali ya mjini hujikuta ikitibu homa na vidonda ambavyo havikupaswa kufika kwake.

Katika safu ya wahudumu, kipimo kinachotajwa zaidi ni uwiano wa wahudumu kwa idadi ya watu. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba kila watu 10,000 wawe na madaktari, wauguzi na wakunga wapatao 44.5 kwa jumla. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,670,570 katika Kaunti ya Bungoma na 990,341 katika Trans Nzoia, kwa hiyo, kwa kipimo hicho, Bungoma ingehitaji wahudumu wapatao 7,400 na Trans Nzoia 4,400, idadi ambazo hakuna kati ya kaunti hizo inayozikaribia. Hata hivyo uwiano huo una kasoro mbili. Kwanza, unagawanya kwa idadi ya wakazi ilhali hospitali haiwatibu wakazi peke yao: Kitale iko kwenye barabara kuu iendayo Lodwar na hupokea wagonjwa kutoka Pokot Magharibi, Turkana na hata ng'ambo ya mpaka wa Uganda upande wa Suam, nayo Bungoma hupokea wa upande wa Lwakhakha. Pili, na hili ndilo kubwa, uwiano huhesabu watu walioajiriwa, wakati mgonjwa huhudumiwa na watu walio kazini saa hiyo.

Tofauti hiyo ya mwisho inastahili kufanyiwa hesabu, kwani ni mara chache mwananchi huelezwa. Wodi haifungwi, na mwaka mzima una saa 8,760. Muuguzi mmoja hufanya kazi saa 40 kwa wiki, na katika wiki 52 za mwaka hupaswa kutolewa wiki sita za likizo, ambazo ndizo siku 30 za kazi anazostahili mtumishi wa umma, na wiki mbili hivi za sikukuu, ugonjwa na mafunzo, zikabaki wiki 44, yaani saa 1,760. Ukigawanya 8,760 kwa 1,760 unapata karibu tano. Maana yake ni kwamba ili muuguzi mmoja tu awepo wodini mchana na usiku kwa mwaka mzima, hospitali inapaswa kuwaajiri watano, na wodi inayojivunia wauguzi kumi kwenye orodha ya mishahara ina wawili tu waliopo kwa wakati wowote, tena ikiwa hakuna aliyeitwa kusaidia chumba cha upasuaji au kusindikiza mgonjwa wa rufaa hadi Eldoret katika ambulensi. Kwa kuwa mchana huhitaji mikono mingi zaidi, kwa ajili ya kufunga vidonda, kugawa dawa na kuzunguka na daktari, zamu ya usiku hupunguziwa watu, na mara nyingi hubaki mmoja.

Kwamba jambo hilo lina uzito wa uhai na kifo lilionyeshwa mwaka 2002 na mtafiti Linda Aiken na wenzake, waliochunguza hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania nchini Marekani na kukuta kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu alazwe. Jimbo la California lilianza mwaka 2004 kutekeleza sheria inayoweka kikomo cha wagonjwa kwa kila muuguzi. Si haki kuvihamisha viwango hivyo moja kwa moja hadi bonde la Nzoia, lakini mantiki yake haijui mpaka.

Ajabu ni kwamba upungufu huu haukutokana na ukosefu wa vijana waliosomea kazi hiyo. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu cha Kenya kina matawi Bungoma na Webuye, wahitimu wake wengi hukaa bila ajira, na mwaka 2021 serikali za Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa kuwapeleka wauguzi wa Kenya wakafanye kazi huko. Kinachokosekana ni fungu la mishahara. Mgogoro wa fungu hilo umezifunga wodi zaidi ya mara moja: madaktari waligoma kwa siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wauguzi wakafuata kwa miezi mitano kuanzia Juni 2017, na madaktari wakagoma tena kwa siku 56 mwaka 2024. Nyakati hizo hospitali za misheni, kwa mfano ile ya Marafiki, yaani Wakwekeri, iliyoko Lugulu karibu na Webuye, ile ya Wakatoliki ya Misikhu, au Kiminini katika barabara ya kutoka Kitale, huwa kimbilio la wale wenye uwezo wa kulipa.

Katika safu ya gharama neno la kwanza la kuchunguzwa ni "bure". Kenya ilianzisha uchangiaji gharama katika hospitali za umma mwishoni mwa 1989, ikauondoa mwaka 1990 na kuurudisha kwa awamu kuanzia 1992. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zikapunguzwa hadi shilingi 10 na 20. Na Siku ya Madaraka ya 2013 Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kufutwa kwa ada hizo na kwamba akina mama watajifungua bila malipo katika vituo vyote vya umma. Tangazo hilo liliongeza wazazi wodini kwa kasi, bila vitanda wala wauguzi kuongezeka kwa kasi hiyo. Fedha ambazo serikali kuu iliahidi kurejesha kwa kila mzazi zilichelewa, na hata zilipofika ziliangukia katika hazina ya kaunti, ambako hospitali ilipaswa kuziomba pamoja na idara za barabara na kilimo. Ilichukua hadi Oktoba 2023 kupatikana sheria ya kuziruhusu hospitali za umma kubaki na mapato yake na kuyatumia.

Mgonjwa hulipia ombwe hilo la fedha kwa namna ambayo risiti ya hospitali haionyeshi. Glavu, pamba na mabomba ya sindano yakikosekana, jamaa huandikiwa kikaratasi na kutumwa kwenye duka la dawa lililo ng'ambo ya lango. Kipimo ambacho maabara haikifanyi usiku hufanywa mtaani. Nauli ya bodaboda kutoka maeneo ya Kwanza au Sirisia hulipwa kwenda na kurudi, tena kwa watu wawili, kwa sababu wodi yenye muuguzi mmoja humhitaji jamaa wa kumgeuza mgonjwa, kumlisha na kumwita muuguzi maji ya dripu yanapokwisha. Jamaa huyo ni mhudumu asiyelipwa, na siku zake ambazo hakupalilia mahindi ni sehemu ya gharama. Wachumi wa afya huyaita matumizi ya tiba yanayopita asilimia 10 ya matumizi yote ya nyumba kuwa gharama za janga. Huku magharibi watu huyatambua kwa ng'ombe anayeuzwa au harambee inayoitishwa kanisani.

Bima ilikusudiwa kuliondoa janga hilo. Hazina ya bima ya hospitali, NHIF, iliyokuwapo tangu 1966, ilirithiwa tarehe 1 Oktoba 2024 na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ambayo humkata mwajiriwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, kwa kiwango cha chini cha shilingi 300 kwa mwezi, na humkadiria asiye na mshahara kwa kumuuliza kuhusu nyumba yake, mifugo yake na choo chake, kisha kumtaka alipe mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mkulima wa Trans Nzoia huona fedha baada ya mavuno ya mwisho wa mwaka, na mkulima wa miwa wa Bungoma huziona kiwanda kinapoamua kulipa, hivyo mkupuo wa shilingi 3,600 au zaidi unaodaiwa mwezi Mei humkuta mikono mitupu. Mpango wa kulipa polepole ulioletwa mwaka 2025 ni kukiri, ingawa kwa kuchelewa, kwamba kalenda ya bima haikuwa kalenda ya shamba.

Kuridhika kwa mgonjwa ndiko kunakopimwa vibaya kuliko yote. Avedis Donabedian, ambaye andiko lake la 1966 ndilo msingi wa taaluma ya ubora wa tiba, alitenganisha mambo matatu: muundo, yaani majengo, vifaa na watu, mchakato, yaani namna mgonjwa anavyohudumiwa, na matokeo, yaani hali anayoishia nayo. Kuridhika huwa kati ya mchakato na matokeo, na kwa kawaida huulizwa langoni mgonjwa anapotoka, kwa dodoso la viwango vitano. Lakini aliyejifungua salama na kumkumbatia mtoto wake husema "tunashukuru", na shukrani hiyo ni ya Mungu kabla haijawa ya hospitali. Aliyezoea kupanga foleni tangu alfajiri huridhika akitibiwa kabla ya saa tisa. Na aliyeondoka bila kutibiwa, au aliyefariki, hapiti mbele ya dodoso. Ndiyo maana mgonjwa wa hospitali ya misheni aliyelipa pakubwa huweza kulalamika zaidi kuliko wa hospitali ya kaunti aliyehudumiwa vibaya zaidi: amenunua haki ya kutarajia.

Tukio moja la Bungoma huonyesha jinsi safu zote tatu zilivyo jambo moja. Agosti 2013, miezi miwili tu baada ya tangazo la Madaraka, mama mmoja alilazwa katika hospitali ya wilaya ya wakati huo ili aanzishiwe uchungu. Ingawa huduma ilikuwa bure, alitakiwa kununua pamba na dawa ya kuanzisha uchungu. Uchungu ulipozidi alitembea mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia, akakuta vitanda vyote vimejaa, na alipokuwa akirudi alijifungua sakafuni na kuzirai. Alipozinduka aliwakuta wauguzi wakimfokea na kumpiga kwa kuichafua sakafu. Aliyekuwapo alirekodi video, na nchi nzima ikaiona. Tarehe 22 Machi 2018, Jaji Abida Ali-Aroni wa Mahakama Kuu ya Bungoma aliamua kwamba haki ya mama huyo ya afya na ya utu ilikiukwa, akaagiza aombwe radhi rasmi na alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5. Hukumu hiyo husifiwa kwa sababu ya utu, na inastahili, lakini uzito wake mwingine ni kwamba haikuishia kwa wauguzi wale: ililaumu pia serikali ya taifa na ya kaunti kwa kutotenga rasilimali na kutosimamia viwango vya huduma. Ukatili wa muuguzi hautetewi na uchache wa wenzake. Hata hivyo hospitali ambayo ingemwadhibu muuguzi huyo na kuacha zamu ilivyo isingekuwa imerekebisha chochote.

Kila hospitali ya umma nchini Kenya hutundika karibu na mapokezi ubao wa mkataba wa huduma kwa wananchi, wenye safu nne: huduma, masharti, gharama na muda wa kusubiri. Ni ubao mzuri, na safu ya muda ndiyo inayosomwa kwa tabasamu na walioketi kwenye benchi chini yake. Idadi ya wauguzi wa zamu haimo ubaoni. Imo katika daftari la makabidhiano la kila wodi, linaloandikwa asubuhi na jioni zamu zinapopokezana: wagonjwa waliopo, walioingia, walioruhusiwa, waliofariki, na chini yake majina ya waliokuwa kazini. Anayetaka kujua kama usiku wa Kitale ni mwepesi kuliko usiku wa Bungoma hahitaji kuanzisha utafiti mpya. Angeyafungua madaftari ya mwaka mmoja ya wodi mbili za wazazi, akagawanya mstari wa kwanza kwa wa mwisho, ukurasa baada ya ukurasa.