Nyumba Njema si Mlango: Mahali pa Kulia Chakula katika Kota ya Askari

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Askari ni mtu wa kupangiwa nyumba. Hachagui mlango wala ukuta, na leo akiwa Jinja, kesho barua ya uhamisho yaweza kumpeleka Gulu au Mbarara. Ndiyo maana wengi hudhani kwamba kupamba mahali pa kulia chakula ni anasa ya watu wenye majumba yao wenyewe. Sisi tunasema sivyo.

Mambo yanayotokea katika kota nyingi yanajulikana. Baba arudipo kutoka zamu hula peke yake ukingoni mwa kitanda. Watoto wamekwisha kula jikoni, na mama hula mwisho, akiwa amesimama. Hakuna aliyegombana na mwenzake. Hapana tu mahali pa kukutanika. Hali hiyo ikidumu, watoto humjua baba yao kwa sare yake kuliko kwa mazungumzo yake. Ndugu zetu ambao tangu mwaka 2007 wamekuwa wakipelekwa Somalia kulinda amani wanaelewa zaidi, kwani arudiye kutoka mbali huhitaji mahali pa kuketi tena na jamaa yake.

Basi tunatoa kanuni moja iliyo rahisi. Kila pambo la mahali pa kulia na lifaulu mitihani miwili: liwe na kazi ya kufanya, na siku ya uhamisho liweze kukunjwa au kutiwa sandukuni. Lishindwalo na mitihani hiyo, hata likiwa zuri namna gani, ni mzigo.

Tuanze na meza. Mlaji mmoja huhitaji ukingo wa meza wa kiasi cha sentimita 60. Kwa hiyo meza yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 75 yatosha watu wanne bila kusukumana viwiko. Kimo chake kiwe sentimita 75, na viti vyake sentimita 45. Seremala aombwe kutia miguu ya kukunja, ili baada ya chakula meza iegemezwe ukutani na watoto wapate nafasi ya kulala. Tunaonya kwamba haifai kukopa fedha za chama cha akiba kwa ajili ya meza ya fahari ambayo haitapita mlangoni.

Wako pia askari wanaokaa katika vile vibanda vya bati vya duara ambavyo wenyewe wameviita "mama ingia pole". Huko meza haina nafasi, wala haihitajiki. Mkeka mpana wa ukindu na sinia moja kubwa vyatosha kabisa. Mkeka uliotiwa rangi mbili au tatu hupamba sakafu yote, hufutwa kwa kitambaa chenye maji, hukaushwa, kisha hukunjwa kama gazeti. Uwekwe kwa ajili ya chakula peke yake, na viatu visiukanyage. Papo hapo chumba kimoja kimekuwa vyumba viwili.

Ukutani tungependa kuona kipande cha mbugu. Nguo hii ya Waganda hutokana na gome la mti wa mutuba, linalobanduliwa, likalainishwa kwa joto na kupondwa kwa nyundo za mti hata likawa pana na laini. Shina hufungwa majani ya mgomba, nalo huotesha gome jipya. Mwaka 2005 UNESCO iliitangaza kazi hii kuwa miongoni mwa urithi mkuu wa wanadamu. Rangi yake ya udongo mwekundu huufanya ukuta wa bati au wa saruji uonekane na uhai. Lakini isitandikwe chini ya sahani, kwa kuwa haifuliwi kama pamba. Mezani pafaa kitambaa cha pamba kilichofumwa nyumbani, ambacho mchuzi ukimwagika huenda majini na kurudi.

Pembeni pawe na mambo mawili ya maji. La kwanza ni dumu lenye bomba, beseni na sabuni, kwa maana mkono usionawa huharibu mapambo yote. La pili ni mtungi wa udongo. Maji hupenya kidogo kidogo katika kuta zake, hukauka kwa hewa, na kwa kukauka huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Hivyo mtungi ni pambo na ni mashine ya kupoza isiyotaka umeme. Ni kweli kwamba hausafiri vizuri juu ya lori. Lakini bei yake si kubwa. Mwachie yule atakayeipokea nyumba baada yako.

Kwa taa, yafaa taa ndogo ya nguvu ya jua itundikwe juu ya chakula na kufunikwa kwa kikapu kilichopinduliwa. Nuru itapita katika matundu ya usukaji na kuchora maua ukutani. Neno hili ni kwa taa isiyo na moto tu; koroboi na kikapu havikai pamoja.

Liko pambo moja tunalolikataza kabisa. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, askari wa Ulaya waligeuza maganda ya shaba ya mizinga kuwa vyombo vya maua, na hata leo wako wanaotamani kuiga. Ndugu askari, kitu cha silaha, kiwe tupu au kiwe kizima, si chombo cha mezani. Ni mali ya serikali, na mtoto hawezi kupambanua ganda lililokwisha kazi na lile linaloweza kuua. Kibuyu kilichokatwa shingo chabeba maua vizuri zaidi. Kadhalika mkanda na kofia ya kazi vining'inizwe mbali na chakula, ili kazi nayo ipumzike.

Tumeliweka la mwisho lile tunalolipenda kuliko yote. Ni kile kifuniko cha chakula, kilichosukwa kwa ukili mfano wa pia, ambacho watu wa pwani hukiita kawa. Huzuia nzi na vumbi, hupitisha hewa, na kikitundikwa mchana huwa pambo la ukuta. Lakini kazi yake kubwa ni ya usiku. Askari atokaye lindoni saa nane za usiku, akikuta kawa juu ya sahani yake na taa ndogo ikiwaka, hahitaji kuambiwa neno. Ajua kwamba walipokaa kula walimhesabu.