Mpokeaji katika Barua za Daktari David Livingstone: Mipaka ya Mgawanyo wa Barua Binafsi na Barua za Kikazi

Utangulizi

Barua ni utanzu unaoandikwa kwa ajili ya msomaji anayejulikana. Mwandishi huchagua la kusema na la kunyamazia kwa kuzingatia uhusiano wake na msomaji huyo. Makala haya yanachunguza nafasi ya mpokeaji katika barua za David Livingstone (1813–1873), tabibu wa Kiskoti aliyepata leseni ya utabibu mjini Glasgow mwaka 1840, kisha akaishi sehemu kubwa ya maisha yake barani Afrika. Wahariri wamezoea kuzigawa barua hizo kwa makundi. Isaac Schapera, kwa mfano, alichapisha barua za familia mwaka 1959 na barua za kimisheni mwaka 1961, ingawa makundi yote mawili ni ya kipindi kilekile cha 1841 hadi 1856. Mgawanyo huo una manufaa yake. Hata hivyo, makala yanadai kwamba anayesoma upande mmoja tu huweza kudhani kuwa sauti iliyochaguliwa kwa ajili ya mpokeaji fulani ndiyo kauli kamili ya mwandishi.

Tabibu anapowaandikia matabibu

Mwaka 1858 jarida la British Medical Journal lilichapisha maelezo ya Livingstone kuhusu matumizi ya arseniki kutibu madhara ya kuumwa na mbung'o. Mwaka 1861 jarida la Lancet lilichapisha barua yake kwa tabibu mwenzake kuhusu homa ya bonde la Zambezi na dawa aliyoitumia, ambayo ilichanganya kwinini, kalomeli, jalapa na rubabi. Katika barua za aina hii mwandishi hufuata kaida za taaluma: dalili, kipimo cha dawa na matokeo. Mgonjwa huwa mfano wa ugonjwa, na mpokeaji hutarajiwa kuupima ushahidi, si kuhuzunika.

Tarehe 27 Aprili 1862, Mary, mke wa Livingstone, alifariki kwa homa huko Shupanga, kando ya mto uleule. Barua alizowaandikia jamaa zake baada ya hapo ni za mgane anayeomboleza. Msomaji wa barua ya 1861 peke yake huiona homa kama adui aliyekwisha kupatiwa silaha. Msomaji wa barua za familia humwona tabibu ambaye silaha hiyo haikumwokolea mkewe. Hakuna upande uliosema uongo. Kila upande umejibu swali ambalo mpokeaji wake angeliuliza.

Njia ya barua na lugha ya njiani

Safari ya mwisho ya Livingstone ilianza mwaka 1866 kutoka Zanzibar. Mwezi Januari 1867 watoro waliondoka na sanduku lake la dawa, na tangu hapo tabibu akawa mgonjwa asiye na kitu cha kujitibu. Barua zake nazo zilitegemea misafara ya biashara kati ya Ujiji na pwani. Nyingi kati ya zile alizozituma kutoka Ujiji mwaka 1869 hazikufika. Yeye mwenyewe aliamini kuwa wafanyabiashara walizizuia kwa kuhofia kwamba zingefichua biashara ya watumwa.

Barua ya tarehe 30 Mei 1869, aliyomwandikia John Kirk katika ubalozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, inadhihirisha ugumu wa mgawanyo unaojadiliwa. Kirk alikuwa tabibu, aliwahi kuwa mwenzake katika safari ya Zambezi, na sasa alikuwa ofisa wa serikali. Ombi la bidhaa na watu lilielekezwa kwa rafiki na kwa ofisi kwa wakati mmoja. Watu waliotumwa walipobainika kuwa watumwa wa wafanyabiashara Wabanyani, malalamiko ya Livingstone yakaingia katika barua rasmi, na urafiki ukavunjika ndani ya lugha ya kiofisi.

Maandishi ya miaka hiyo yanaonyesha pia kuwa utabibu wake ulijifunza kutoka kwa wenyeji wa njia hiyo. Katika shajara yake alieleza ugonjwa wa kula udongo kwa jina lililotumika Zanzibar, safura, akiuhusisha hasa na watumwa. Alipoishiwa wino huko Manyema, alitumia rangi nyekundu ya mmea aliyoiandika kama "zingifure", na alipoishiwa karatasi, aliandika juu ya gazeti la zamani. Kwa hiyo maneno ya Kiswahili katika maandishi hayo si mapambo. Yanabeba maarifa ya watu ambao majina yao mara nyingi hayakuandikwa.

Siri na taarifa: kutoka Bambarre hadi Nyangwe

Tarehe 5 Februari 1871, akiwa Bambarre, Livingstone alimwandikia rafiki yake Horace Waller. Wino ulififia kiasi kwamba barua hiyo haikusomeka kikamilifu hadi ilipopigwa picha kwa teknolojia ya mwanga wa aina mbalimbali mwaka 2010. Humo anakiri kuwa amechoka kupita kiasi na kwamba ana shaka kama wataonana tena. Anamtaka Waller asimwonyeshe mtu mwingine kukiri huko. Waller ndiye baadaye aliyehariri shajara za mwisho za Livingstone, zilizochapishwa mwaka 1874. Msiri akawa mlinzi wa sura ya marehemu mbele ya umma.

Tofauti hiyo ina uzito mkubwa zaidi katika tukio la Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliwafyatulia risasi wenyeji waliokusanyika sokoni, wengi wao wanawake. Livingstone aliandika kuwa wafanyabiashara wenyewe walikadiria vifo kuwa kati ya 330 na 400. Tarehe 14 Novemba 1871 alimwandikia Granville, Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, na Henry Stanley akaipeleka taarifa hiyo pwani mwaka 1872. Habari hizo ziliongeza shinikizo lililotangulia mkataba wa Juni 1873, ambao ulifunga soko la watumwa la Zanzibar.

Mwaka 2011 Adrian Wisnicki na wenzake walitoa matini ya shajara ya awali iliyosomwa kwa teknolojia ileile. Walionyesha kuwa matini hiyo inatofautiana na nakala aliyoiandika Livingstone baadaye, na wakapendekeza kuwa ina dokezo kwamba huenda baadhi ya watu wa msafara wake mwenyewe walihusika katika ghasia. Tafsiri hiyo inaweza kujadiliwa. Lisiloweza kupuuzwa ni kwamba taarifa kwa waziri ilikuwa na kazi ya kushawishi serikali ichukue hatua, na kazi hiyo ilihitaji mshtakiwa asiye na utata. Ukweli wa mauaji haupungui kwa kusema hivyo. Kinachobadilika ni namna ya kuigawa lawama.

Hitimisho

Sentensi moja kutoka katika barua ya Livingstone kwa gazeti la New York Herald imechongwa juu ya kaburi lake katika Westminster Abbey. Jiwe hilo limeifanya barua iwe na mpokeaji mmoja tu, yaani umma wa Uingereza. Uhakiki wa barua unapaswa kurudisha wapokeaji wote: tabibu mwenzake, jamaa, rafiki, balozi na waziri. Unapaswa pia kukumbuka waliozibeba barua hizo bila kuandikiwa, na wanawake wa soko la Nyangwe, ambao habari zao zilimfikia waziri kwa kalamu ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo, barua za tabibu huyu zisomwe kwa tarehe na kwa tukio, ya binafsi kando ya ya kikazi, kabla ya yoyote kati yake kutumiwa kama ushahidi.