Jina la Kanga na Sanaa ya Lubaina Himid

Mnunuzi wa kanga hatosheki na pindo na mji; husoma jina kwanza. Mazoea hayo yanafaa kuusomea usanii wa Lubaina Himid, aliyezaliwa Unguja mwaka 1954, akalelewa Uingereza, na mwaka 2017 akawa mwanamke mweusi wa kwanza kutunukiwa Tuzo ya Turner. Himid amechora kanga pia, lakini athari ya jina hudhihirika zaidi katika kazi yake ya 2004, Naming the Money. Humo mna watu 100 wa mbao bapa zilizopakwa rangi, wenye kimo cha binadamu: wapiga ngoma, washona viatu, wachora ramani, waganga wa mitishamba, wote watumwa wa Kiafrika katika majumba ya wakwasi wa Ulaya. Mgongoni mwa kila mmoja mna karatasi ya hesabu za fedha yenye maneno machache: jina lake la asili, jina alilobandikwa ugenini, kazi aliyoifanya kwao na anayoifanya sasa. Maneno hayo husikika pia ukumbini, yakipishana na muziki. Asiyezunguka nyuma huyaona mavazi ya kung'aa akadhani ni karamu. Kuyachukulia maandishi hayo kuwa maelezo ya picha tu ni kupotoka, maana pasipo hayo mtumwa husalia pambo la bwana wake.