Mtwapa: Mji unaolala Kilifi na kuamkia Mombasa

KILA alfajiri, matatu zilizosheheni abiria huvuka daraja la Mtwapa zikielekea Mombasa. Jioni huwarejesha watu wale wale. Atakaye kuufahamu mji huu na aanzie hapo darajani.

Mtwapa iko kilomita zipatazo 16 kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, kwenye barabara kuu ya Malindi. Chini ya daraja pana hori, yaani mkono wa bahari uingiao nchi kavu, nayo ndiyo mpaka wa kaunti mbili: kusini Mombasa, kaskazini Kilifi. Hivyo basi, mkazi wa Mtwapa aghalabu huchuma riziki katika hoteli, viwanda na afisi za Mombasa, ilhali barabara za mtaani, zahanati na taka zake ni jukumu la serikali ya Kilifi.

Kilichowavuta watu hapa ni makao. Kisiwani ardhi ni finyu, na kodi za nyumba za Nyali huwashinda wengi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu zaidi ya 48,000 mjini Mtwapa. Ile ya 2019 ikakuta zaidi ya 90,000. Kwa idadi hiyo, Mtwapa ilizidi hata mji wa Kilifi, yaliko makao makuu ya kaunti. Wamijikenda, wahamiaji kutoka bara na Wazungu waliostaafu huishi bega kwa bega, na baa na mikahawa yake imeupa sifa ya mji usiolala.

Hata hivyo, watu wameongezeka kwa kasi kuliko huduma. Maji ya mfereji hutegemea zaidi visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, ambavyo pia huhudumia Malindi, Kilifi na Mombasa. Mitambo ya huko ikikosa umeme, mifereji hukauka, na mwananchi hugeukia visima au wauzaji wa mitungi.

Visima navyo vina mipaka. Mwamba wa Pwani ni wa matumbawe, wenye matundu mengi. Maji yakivutwa kupita kiasi, ya chumvi hujipenyeza kutoka baharini. Na uchafu wa mashimo ya vyoo huteremka humo humo.

Kando ya ufuo, mashariki mwa mji, yamo magofu ya Jumba la Mtwana. Ulikuwa mji wa Waswahili wenye misikiti minne na nyumba za mawe, uliostawi katika karne ya 14 kisha ukahamwa katika karne iliyofuata. Wataalamu hutaja sababu tatu zinazowezekana: kuvurugika kwa biashara, uvamizi, au kukosekana kwa maji.

Mtwapa ya leo haijafikia hapo. Lakini maadamu wakazi wake wanahesabiwa kaunti moja na kufanya kazi katika nyingine, swali la maji halitajibiwa na upande mmoja wa daraja pekee.