Maganda ya chungwa yana mali, lakini si tiba
Machungwa ya Muheza yanayovuka Horohoro kwenda Mombasa humenywa kando ya barabara, na maganda yakatupwa jalalani. Kumbe humo mna mali. Yale mafuta yanayowasha macho ganda likibinywa ni limonini kwa zaidi ya asilimia 90. Sehemu nyeupe ina hesperidini, iliyogunduliwa Ufaransa mwaka 1828, ambayo hupunguza makali ya kemikali zinazochakaza chembe za mwili.

Maabarani, mafuta hayo huwadhibiti bakteria wa majipu kuliko wale wa kuhara, wenye utando wa ziada. Lakini kisahani cha maabara si tumbo la mtu! Mgonjwa wa homa ya matumbo asiache vidonge vya daktari kwa ajili ya chai ya maganda. Anayeyakausha ayaoshe kwanza. Dawa za shambani hung'ang'ania gandani.