Ndege Wako Anapougua Jumamosi Jioni: Mambo ya Kufanya Kabla Daktari wa Mifugo Hajafika

Nilipokuwa frateri wa mwaka wa kwanza nilikabidhiwa banda la njiwa lililokuwa nyuma ya jiko. Jumamosi moja jioni nilimkuta njiwa mmoja mweupe amebaki sakafuni wakati wenzake wamekwisha panda juu kulala. Alikuwa amejikunyata, manyoya yamemsimama, macho nusu wazi. Nilimpigia simu afisa mifugo wa kata, akanijibu kwamba yuko safarini na angefika Jumatatu asubuhi.

Mimi na frateri mwenzangu tulimwonea huruma sana yule ndege. Tulimmiminia maji mdomoni kwa bomba la sindano. Tulimsagia nusu ya kidonge cha binadamu. Mwisho tukamlaza stoo karibu na jiko la mkaa na kufunga mlango ili joto lisitoke. Asubuhi, kabla ya Masifu, nilimkuta amekufa.

Afisa mifugo alipofika alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Ugonjwa wake sikuuona na sasa sitaujua. Ila hayo mambo matatu mliyofanya, kila moja lingeweza kumwua peke yake."

Tangu siku ile nimejifunza mengi kutoka kwake na kwa madaktari wengine wa mifugo. Kwa kuwa familia nyingi parokiani zinafuga njiwa, na baadhi zina kasuku au ndege wadogo wa kizimbani, naandika hapa yale ambayo ningependa kuyajua Jumamosi ile. Kwa ufupi ni haya: kazi yako kabla daktari hajafika si kutibu. Ni kumtunzia ndege nguvu alizobakiwa nazo.

Kwa nini tunachelewa kugundua

Ndege huficha ugonjwa. Porini, anayeonekana dhaifu ndiye anayekamatwa kwanza na mwewe, hivyo hata ndege wa nyumbani hujikaza mpaka nguvu zimwishie. Ukimwona leo amejikunyata, huenda ameanza kuumwa siku kadhaa zilizopita. Ndiyo maana hatuna muda wa kujaribu hiki na kile.

Dalili za kuangalia ni hizi:

- Manyoya yamesimama kwa muda mrefu wakati hakuna baridi.
- Anakaa chini ya kizimba au sakafuni mwa banda, na kusinzia mchana.
- Mkia unapanda na kushuka kila anapovuta pumzi, au anapumua mdomo wazi ilhali ametulia.
- Anachezea chakula bila kumeza, au amekiacha kabisa.
- Mfupa wa kidari umechongoka kama kisu. Hii ina maana nyama imekwisha pande zote mbili.
- Kinyesi kimebadilika.

Kuhusu kinyesi, fahamu kwamba cha ndege mzima kina sehemu tatu: sehemu ngumu ya kijani au kahawia inayotoka kwenye chakula, sehemu nyeupe inayotoka kwenye figo, na maji kidogo. Ile nyeupe ikigeuka kuwa ya njano au kijani, au ukiona damu, au maji matupu, lichukue kwa uzito. Idadi nayo inasema: kinyesi kikipungua sana, ndege hali, hata kama unamwona ameinamia kikombe cha chakula.

Hatua ya kwanza: mtenge

Mwondoe kwa wenzake mara moja. Wenzake wanaweza kumdonoa, na ugonjwa wake unaweza kuwafikia. Kideri, ambacho wengine hukiita mdondo, husambaa haraka sana kwa kuku, na njiwa nao hupata ugonjwa wa jamii hiyo unaowafanya wapinde shingo na kuzunguka. Wahudumie wazima kwanza, mgonjwa mwisho, kisha nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya pili: joto na utulivu

Joto la kawaida la mwili wa ndege ni kama nyuzi 40 hadi 42 za Selsiasi, juu kuliko letu. Kulidumisha kunahitaji chakula kingi. Ndege mgonjwa asiyekula hutumia akiba yake yote kupambana na baridi, naye huishiwa usiku. Ukimpa joto, unampunguzia mzigo huo.

Tafuta boksi la karatasi ngumu lenye ukubwa wa kumtosha kugeuka. Toboa matundu ya hewa ubavuni. Tandika kitambaa safi kisichochomoka nyuzi, na juu yake karatasi nyeupe ili uone kinyesi. Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, ifunge vizuri, izungushie taulo, uiweke upande mmoja tu wa boksi. Upande wa pili ubaki bila chupa, ili akizidiwa na joto aweze kusogea. Lengo ni nyuzi 28 hadi 30 hivi karibu na chupa. Badilisha maji kila yanapopoa, hata usiku. Funika boksi kwa kitenge chepesi, uliweke mahali pasipo na upepo, paka, watoto wala redio.

Akianza kuhema mdomo wazi na kutanua mabawa mbali na mwili, joto limezidi, ondoa chupa. Na kama ulimkuta hivyo tangu mwanzo, mchana wa jua kali kama la Dar es Salaam mwezi Februari, huenda tatizo lenyewe ni joto. Huyo mpeleke kivulini penye hewa na umpe maji, usimwekee chupa.

Sasa kuhusu lile jiko letu la mkaa. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua hata watu. Ndege huathirika mapema zaidi, kwa sababu mapafu yake yameunganishwa na mifuko ya hewa inayoenea mwilini na huchukua hewa kwa wingi mno kulingana na udogo wake. Kwa sababu hiyo wachimbaji wa makaa ya mawe Uingereza walikuwa wakishuka migodini na ndege wadogo vizimbani, na desturi hiyo iliendelea mpaka mwaka 1986: ndege akianguka, watu walijua wakimbie. Basi mweke mgonjwa wako mbali na mkaa, jiko la mafuta ya taa, dawa ya mbu ya kuchoma, moshi wa sigara na hata ubani. Kikaango kisichoshika chakula nacho, kikiunguzwa sana, hutoa mvuke unaoua ndege kwa dakika chache.

Hatua ya tatu: maji na chakula, bila kulazimisha

Tundu la njia ya hewa la ndege liko kwenye shina la ulimi, wazi kabisa. Ukimmiminia maji mdomoni, hasa akiwa dhaifu, yanaingia mapafuni. Hilo ndilo kosa tulilofanya na bomba la sindano.

Weka maji safi karibu naye ili asitembee kuyafuata. Njiwa hunywa kwa kuzamisha mdomo na kufyonza, hivyo kikombe chake kiwe na kina cha sentimita mbili au tatu. Kisahani chenye maji kidogo hakimsaidii. Kama macho yake yako wazi na shingo ina nguvu, unaweza kumgusisha tone la maji pembeni mwa mdomo kwa kidole na kumwacha anywe mwenyewe. Asiyeweza kuinua kichwa asipewe chochote mdomoni.

Mpe chakula alichokizoea: mtama, uwele, choroko au mahindi yaliyopasuliwa kwa njiwa, mbegu zake na tunda analolipenda kwa kasuku. Leo si siku ya kumfundisha chakula kipya. Usimpe parachichi, chokoleti, kahawa, vyakula vya chumvi nyingi wala pombe. Kwa ndege hivi ni sumu.

Hatua ya nne: acha dawa

Kidonge cha mtu mzima kimepimwa kwa mwili wa kilo 60 au 70. Njiwa ana kama gramu 300, na ndege wengi wadogo wa kizimbani hawafiki gramu 50. Hakuna namna ya kukisia kipande sahihi kwa jicho. Dawa za kuku zilizobaki dukani au stoo nazo ziache. Zikiwa si zake hazimsaidii, na zinaweza kuficha dalili ambazo daktari angezihitaji. Pilipili, mafuta ya taa, majivu na pombe kali vimewahi kupendekezwa kwangu na watu wenye nia njema. Vyote vinamchosha mgonjwa aliyekwisha choka.

Vilevile usimshike-shike. Ndege hana kiwambo kama chetu kinachosukuma hewa. Anapumua kwa kuinua na kushusha kidari. Ukimkumbatia kwa kumbana kifua unamnyima pumzi. Ukilazimika kumshika, mfunike kwa taulo jepesi, shika mabawa yatulie, acha kidari huru, na umalize upesi.

Hali zisizoweza kusubiri Jumatatu

Mengine hayangoji. Tafuta daktari popote alipo, hata kwa simu, ukiona:

- Anapumua kwa shida mdomo wazi, au amelala ubavu.
- Anatetemeka kwa degedege.
- Damu haikomi. Ndege wa gramu 50 ana damu ya kama mililita 5 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Bana kidonda kwa kitambaa safi dakika kadhaa bila kufunua-funua. Ukucha uliokatika unaweza kuupaka unga wa ngano. Kidonda cha nyama usikitie unga.
- Ameumwa na paka, hata kama unaona tundu dogo tu. Mdomo wa paka una vijidudu vinavyoweza kumwua ndege ndani ya siku moja au mbili.
- Jike anajikamua na yai halitoki. Mpe joto, usilivute wala kulivunja.

Kama hakuna daktari wa mifugo karibu, anza na afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya wilaya. Wakazi wa Morogoro na jirani wana hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo.

Kumwandalia daktari

Muda wa kusubiri usipotee. Andika ulipoona dalili ya kwanza, anachokula, kama kuna ndege mpya aliyeingia bandani hivi karibuni, na kama kuna aliyekufa. Mpime asubuhi kwa mizani ya jikoni akiwa ndani ya kiboksi, kisha toa uzito wa kiboksi. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, hali ni mbaya. Mpige picha ya video akipumua, maana mbele ya mgeni atajikaza. Hifadhi karatasi yenye kinyesi cha siku hiyo. Ukisafiri naye kwa basi au bodaboda, toa kikombe cha maji kisimmwagikie, na boksi lifunikwe.

Usalama wa wenye nyumba

Vumbi la kinyesi kikavu cha ndege linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu kwa watu. La njiwa lina hatari ya pekee kwa wenye kinga dhaifu. Lowesha sakafu kabla ya kufagia, vaa barakoa, na kazi hiyo wasipewe wazee, wagonjwa wala wajawazito. Ukipata homa, kichwa kuuma na kikohozi kikavu baada ya kuuguza ndege, mwambie daktari wako kwamba unafuga.

Wakifa wengi kwa pamoja, usile, usiuze, wala usitupe jalalani. Toa taarifa kwa afisa mifugo kwanza, naye atakuelekeza namna ya kuwazika.

Na kama hatapona?

Wengine hawatapona, hata ukifanya yote haya. Daktari anaweza kukuambia kwamba njia ya huruma ni kumpumzisha bila maumivu, na gharama nayo ni swali la haki kuuliza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, inatutaka tuwatendee wanyama wema na tusiwatese bure, na papo hapo inatukumbusha kwamba shida za binadamu zina haki ya kwanza kwenye fedha zetu. Sioni mgongano hapo. Boksi, chupa ya maji ya moto na chumba tulivu havigharimu karibu chochote.

Miezi minane baada ya yule mweupe, njiwa mwingine alibaki sakafuni, tena Jumamosi. Tulimtenga, tukabadilisha chupa usiku kucha kwa zamu, na hatukumpa kitu mdomoni. Afisa mifugo alimkuta hai Jumatatu, akaangalia ile karatasi ya kinyesi, akamwandikia dawa. Baada ya wiki mbili alirudi bandani. Mpaka leo sijui kama ni sisi au ni dawa. Ninachojua ni kwamba dawa ilimkuta bado yupo.